Watoto wetu watacheza wapi?

Mpenzi msomaji, kabla hujageuza ukurasa huu kutafuta fumbo la maneno, hebu nikuulize swali moja dogo. Leo ni Jumapili. Mmeshakula, vyombo vimeoshwa, na watoto wanataka kutoka nje. Utawapeleka wapi, karibu na kwako, mahali ambapo hakuna bawabu wa kuwafukuza, hakuna mwenye duka wa kuwakemea wala gari la kuwagonga?

Ikiwa jibu limekujia mara moja, una bahati. Wengi wetu tunaoishi mijini hukuna kichwa kwanza. Mwishowe tunawaachia watoto kile kichochoro kilichoko kati ya ploti mbili, panapoanikwa nguo na kupita maji machafu, kisha tunashangaa mbona mpira umevunja kioo cha jirani.

Mimi nilizaliwa na kulelewa Bungoma, na siku hizi kazi hunipeleka Kitale mara kwa mara. Ni miji jirani. Unapanda matatu, unapita Webuye, Misikhu, Kamukuywa na Kiminini, na kabla hujamaliza gazeti lako umefika. Mmoja ni mji wa mahindi na mwingine umezungukwa na mashamba ya miwa, lakini yote miwili inapanuka kwa kasi. Kila nikisafiri huona vigingi vipya vya mipaka vikichomoza mahali ambapo juzi tu palikuwa na mbuzi na watoto.

MKUYU WA MTAANI KWETU

Mtaani kwetu palikuwa na uwanja. Haukuwa uwanja wa kujivunia. Magoli yalikuwa miti ya mikaratusi iliyopinda, upande mmoja uliinama hivi kwamba timu iliyoanza kwa kupanda mlima ilidai fidia, na upande wa juu palisimama mkuyu mkubwa. Asubuhi akina mama walianika mahindi pale. Jioni sisi tulicheza mpira wa makaratasi. Krismasi kwaya zilishindana chini ya mkuyu, na jirani akifiwa, kamati ya mazishi ilikaa papo hapo. Agosti ya miaka ya tohara, wavulana walipita na njuga zao wakisindikizwa na umati, nasi wadogo tukikimbia nyuma.

Nilipokuwa darasa la sita, Jumatatu moja tulitoka shuleni tukakuta seng'enge. Mtu ambaye hatukumfahamu alikuwa na karatasi iliyosema kwamba mahali pale ni pake.

Wazee walivaa makoti yao wakaanza safari za maofisini. Marehemu baba alikuwa katibu wa kamati. Alinunua daftari la kurasa mia mbili akawa anaandika kila walikokwenda na walichoambiwa. Nimelisoma daftari hilo mara nyingi. Karibu kila ukurasa unarudia swali lile lile waliloulizwa: mna hati gani? Hawakuwa na hati. Walikuwa na mkuyu na kumbukumbu zao.

Mambo yalichukua zaidi ya miaka minne. Hatimaye tulirudishiwa kipande cha chini, kisichofika nusu, chenye majimaji wakati wa mvua. Mkuyu ulibaki ndani ya ukuta wa mawe wa jirani mpya. Matawi yake yanaonekana ukipita barabarani. Mama hadi leo, akimwelekeza mwendesha boda boda, humwambia amshushe "pale uwanjani kwa mkuyu", na vijana wa boda boda, ambao wengi hawakuwa wamezaliwa, humwelewa.

Lakini nisikufiche neno, msomaji. Kuna jambo ambalo baba aliliandika kwa aibu, nalo hatulipendi kulisimulia. Kabla ya seng'enge kuja, upande mmoja wa uwanja ule tulikuwa tumeugeuza jaa la taka, sisi wenyewe. Mnyakuzi alipojitetea, alisema ameondoa jaa lililokuwa likiwaletea watu kipindupindu na mbu. Na baadhi ya majirani walimuunga mkono! Walitaka ajenge nyumba za kupangisha ili nao wauze mboga kwa wapangaji. Kwa hiyo tulipokwenda kulalamika hatukuwa mtaa mmoja, tulikuwa mitaa miwili.

SI KWETU PEKE YETU

Yaliyotupata hayakuwa mapya. Tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u, iliyoundwa mwaka 2003 na kukabidhi ripoti yake mwaka uliofuata, ilikadiria kwamba hati zipatazo 200,000 zilitolewa kinyume cha sheria kati ya mwaka 1962 na 2002. Viwanja vya michezo, misitu, ardhi za shule na za masoko, hata makaburi, vilikuwa ndani ya hesabu hiyo.

Jijini Nairobi vita vya namna hii vilikuwa na majina makubwa. Mwaka 1989 Profesa Wangari Maathai aliposimama kupinga jengo la orofa 60 lisijengwe katika bustani ya Uhuru, alitukanwa bungeni, na wapo waliomwona kama mtu aliyepungukiwa na akili. Jengo halikujengwa. Mwaka 1991 palizuka mpango wa kuigeuza bustani ya Jeevanjee kuwa maegesho ya magari. Bustani hiyo ilitolewa kwa wakazi wa mji na mfanyabiashara A.M. Jeevanjee mwaka 1906, na aliyeinuka kuitetea alikuwa mjukuu wake, Zarina Patel. Leo ukipita pale mchana utakuta watu wamelala nyasini, wengine wanahubiri, wengine wanabishana siasa, na hakuna anayewadai chochote.

Na hujasahau, nadhani, Januari 2015, watoto wa shule ya msingi ya Lang'ata Road walipousukuma ukuta uliojengwa katika uwanja wao wa michezo wakarushiwa vitoa machozi na polisi. Picha za watoto waliovalia sare, macho yamevimba, zilizunguka dunia nzima. Baadaye uwanja ulirudishwa kwa shule.

Tofauti ya Nairobi na miji yetu ni kwamba huko kamera zipo kila kona. Uwanja wa mtaa wa Bungoma ukienda, unakwenda kimya kimya.

KANALI NA VIPEPEO VYAKE

Turudi Kitale, maana mji huo una mfano ambao wakazi wengi huupita kila siku bila kugeuza shingo. Nazungumzia makumbusho ya Kitale, yaliyoko kando ya barabara kuu ya kwenda Eldoret.

Palikuwa na mlowezi mmoja, Luteni Kanali Hugh Stoneham, ambaye tangu utotoni alikuwa na uraibu wa kukusanya vipepeo, wadudu, ndege, vitabu na vitu vya jamii mbalimbali. Mwaka 1926 alifungua makumbusho yake mwenyewe, ya kwanza nchini Kenya mbali na pwani na Nairobi. Alipofariki mwaka 1966 aliuachia umma mkusanyo huo kwa wasia, na Desemba 1974 makumbusho yakafunguliwa katika jengo jipya mjini, chini ya Makumbusho ya Taifa.

Siandiki haya ili kuwasifu walowezi. Ardhi waliyoikalia Trans Nzoia ina historia yake chungu ambayo ingetaka makala nzima. Nilichokipenda mimi kiko nyuma ya jengo. Kuna nyumba za kienyeji zilizojengwa kuonyesha jinsi jamii za sehemu hizi zilivyoishi, kisha kuna njia ya miguu inayoteremka ndani ya msitu wa kando ya kijito. Ukitoka kwenye kelele za matatu na kuingia chini ya miti ile, unahisi baridi mara moja. Ndivyo sehemu nzima ya mji ilivyokuwa kabla ya shoka. Kiingilio kipo, lakini mwanafunzi anayekwenda na shule yake hutoka amejifunza mengi kuliko aliyoyasoma darasani kwa wiki.

Nje ya mji kuna mfano mwingine, hifadhi ya kinamasi cha Saiwa, iliyotengwa mwaka 1974 ili kumlinda nzohe, yule swala wa majini mwenye kwato ndefu. Ni hifadhi ndogo kuliko zote za taifa nchini, kilomita tatu hivi za mraba, imezungukwa na mashamba ya watu pande zote. Huingii na gari. Unatembea juu ya vijia vya mbao. Kila nikienda najiuliza: kama kinamasi kidogo vile kimeweza kudumu katikati ya wakulima kwa nusu karne, kwa nini kipande chetu cha majimaji kilionekana hakina thamani?

Lakini usidhani mambo ya viwanja vya umma ni ya vipepeo na swala tu. Upande mwingine wa Kitale kuna mitaa kama Tuwan, Shimo la Tewa na Kipsongo, ambako familia nyingi za Kiturkana zilihamia. Kuanzia mwaka 2001 shirika lililoitwa ITDG wakati huo, ambalo sasa ni Practical Action, likishirikiana na baraza la manispaa na kwa fedha za serikali ya Uingereza, liliwaketisha wakazi wa mitaa hiyo mitatu wapange mitaa yao wenyewe. Huenda ulitarajia waombe uwanja wa mpira. Mambo yaliyotangulia yalikuwa maji safi, vyoo na njia za kupita. Na ukifikiri, choo cha jumuiya nacho ni mahali pa umma. Asiye na choo nyumbani hana haja ya kuambiwa kuhusu bustani ya maua.

KISIMANI NDIKO UWANJANI

Hapa naomba unisikilize kwa makini, hasa wewe uliyezaliwa mjini. Katika nchi yetu ya magharibi, uwanja wa kwanza wa umma haukuwa wa mpira. Ulikuwa chemchemi.

Chemchemi huwa ndani ya shamba la mtu, lakini kwa desturi mwenye shamba hawezi kumzuia mtu kuteka maji, wala hatozi. Huko ndiko wasichana walikopeana habari na akina mama walikoshauriana mambo ambayo hayasemwi nyumbani. Na kijitoni ndiko kijana wa Kibukusu anakopakwa matope alfajiri ya siku anapotahiriwa, ule msimu wa Agosti unaokuja kila mwaka usiogawika vibaya kwa mbili. Mahali hapo hapana hati wala seng'enge, na hapakuhitaji, kwa kuwa kila mtu alijua pana kazi gani. Siku hizi wengi wamepanda mikaratusi hadi kwenye ukingo wa maji kwa sababu ya pesa za nguzo na kuni. Mkaratusi ni mnywaji. Ukiupanda juu ya chemchemi usije ukauliza maji yamekwenda wapi.

Kutunza chemchemi si kazi ya miujiza. Watu hulichimbua jicho la maji na kulisafisha, wakaweka mawe na kokoto, wakajenga ukuta wenye bomba ili maji yatoke juu ya ardhi badala ya kutekwa shimoni kwa kata. Juu hufunikwa kwa udongo wa mfinyanzi na nyasi. Mfereji huchimbwa upande wa juu ili maji ya mvua yasiingie na kinyesi cha ng'ombe, na mwingine chini wa kuondoa yanayomwagika. Saruji, mawe, jembe na siku chache za kazi za mikono mingi.

Faida yake imepimwa, tena jirani tu na Bungoma. Katikati ya miaka ya 2000 wataalamu wakiongozwa na Michael Kremer, aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, walifuatilia chemchemi 200 hivi katika eneo la Busia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba chemchemi ikijengewa, uchafu wa vinyesi katika maji yake hupungua kwa thuluthi mbili, na visa vya watoto kuhara hupungua kwa karibu robo. Ila walipoyapima maji yale yale nyumbani, nafuu ilikuwa ndogo zaidi. Maji yaliyotoka bombani safi yalikuwa yameingia katika mtungi mchafu na kutekwa kwa kikombe kilichoshikwa na mikono mingi.

Baadaye katika eneo hili yaliwekwa masanduku ya klorini kando ya visima na chemchemi. Unafungua, unaweka tone katika mtungi wako, kisha unateka. Kila sanduku lina mtu wa kujitolea aliyechaguliwa na wanakijiji wenyewe. Mara nyingi ni mama fulani anayeishi karibu. Halipwi mshahara. Anapita akiangalia kama dawa ipo. Mtu wa namna hiyo ndiye ambaye uwanja wetu haukuwa naye.

UWANJA WA SIKU MOJA

Juni 1, 2024 sherehe za kitaifa za Madaraka zilifanyika Bungoma, katika uwanja wa Masinde Muliro, Kanduyi. Mji ulipigwa rangi, barabara pana kutoka Musikoma hadi Kanduyi ikafagiliwa, na hata wale wasioujua uwanja huo wakaufahamu kupitia televisheni. Ni jambo jema, na mimi nilifurahi. Jina lenyewe lafaa, kwani marehemu Muliro alikuwa mtu wa Bungoma kwa asili na mbunge wa Cherangany huko Trans Nzoia. Aliiunganisha miji hii miwili katika maisha yake.

Lakini uwanja mkubwa hauwezi kuchukua nafasi ya uwanja mdogo. Mtoto wa miaka saba wa Mandizini hawezi kutembea peke yake hadi Kanduyi ili apige danadana. Na nikiutazama mpango wa miji yetu, karibu kila palipoandikwa "burudani" pamekusudiwa wanaume ishirini na wawili na wengine wa kuwashangilia. Mama mwenye mtoto mchanga ataketi wapi? Mzee aliyestaafu je? Nimetafuta benchi lenye kivuli katikati ya mji nikaishia kununua soda nisiyoitaka ili nipate kiti.

Kakamega, jirani zetu, wana bustani nzuri iliyopewa jina la huyo huyo Muliro. Miaka kadhaa iliyopita ilivuma nchi nzima, si kwa maua yake bali kwa vituko vya wapenzi mchana kweupe. Wengi walicheka. Mimi niliona kwamba familia zilikuwa zimeshaihama bustani zamani, zikawaachia wengine. Benchi lisilokaliwa na bibi mwenye wajukuu litakaliwa na mtu mwingine.

SHERIA INASEMAJE?

Wazee wetu walipokuwa wakizunguka maofisini, hawakuwa na silaha ulizo nazo wewe leo. Katiba ya 2010 imeeleza katika kifungu cha 62 ardhi ya umma ni ipi. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na kile cha 70 kinamruhusu yeyote kwenda mahakamani kutetea haki hiyo bila ya kuthibitisha kwamba yeye binafsi amepata hasara. Hebu fikiria lingekuwa na uzito gani jambo hilo kwa baba na daftari lake! Kuna mahakama maalumu ya mazingira na ardhi, na kuna Tume ya Taifa ya Ardhi. Sheria ya miji ya mwaka 2011 nayo inawapa wakazi mabaraza ya kutoa maoni kuhusu uendeshaji wa manispaa yao, na Kitale na Bungoma zote ni manispaa.

Kitu cha kwanza ambacho ningefanya kama ningekuwa wewe ni kwenda ofisi ya ardhi ya kaunti kuuliza kama uwanja wa mtaa wako umo katika ramani, na kwa jina gani. Fanya hivyo kabla ya seng'enge. Wengi watashangaa kukuta "uwanja" wao ni hifadhi ya barabara, au ni wa shule, au ni mali ya mtu aliyekuwa mvumilivu tu. Ukijua, utajua pia mlango wa kubisha. Shule ya mtoto wako nayo, uliza kwenye mkutano wa wazazi kama ina hati ya kiwanja chake. Mwalimu mkuu asikasirike. Ni swali la heri.

Pili, sajilini kikundi. Tangu mwaka 2022 kuna sheria inayohusu usajili wa vikundi vya kijamii, nacho kikundi kilichosajiliwa kinaweza kuwa na akaunti ya benki na kuandika barua yenye mhuri. Huko Nairobi, marafiki wa msitu wa Karura walijiunga rasmi mwaka 2009 wakashirikiana na idara ya misitu. Msitu ambao watu waliogopa hata kuupita kwa miguu ukawa mahali pa familia kutembea siku za mapumziko. Dandora nako, vijana walianza kusafisha nyua za ploti moja baada ya nyingine, wakashindana ni uwanja upi ulio nadhifu zaidi, na wakazi wakachanga kidogo kidogo ili vijana hao wapate chochote cha kuutunza.

Neno hilo la kuchanga lisikuudhi. Kupanda mti ni rahisi. Novemba 13, 2023 taifa zima lilipewa siku ya mapumziko ili lipande. Nani aliimwagilia Januari iliyofuata, kiangazi kilipokaza? Mbuzi hasomi tangazo la serikali. Mti unahitaji kizuizi, maji na jina la mtu anayeulizwa ukikauka.

KIPANDE KILICHOBAKI

Mwaka jana nilirudi kukitazama kile kipande chetu. Watoto wa wale wazee ndio walio katika kamati sasa, na wameanza na mtaro, kazi ya Jumamosi tatu, ili maji yaelekee kijitoni. Pembeni wamepanda ua la miti na upande wa juu mikuyu miwili iliyotokana na vipandikizi vya ule wa ukutani. Mwenye ukuta aliwaruhusu wakate. Kumbe naye si mtu mbaya, alinunua kwa aliyeuziwa na aliyeuziwa. Taka sasa zina siku yake ya kuchukuliwa, ingawa kila asubuhi hukosi kuona mfuko mmoja au miwili uliotupwa usiku. Sanduku la mbao limefungwa kufuli nyumbani kwa katibu, ndani yake mna cheti cha usajili, nakala ya ramani na daftari la baba.

Nilihudhuria mkutano wao mmoja. Ajenda ilikuwa nani atautumia uwanja Jumamosi alasiri, maana kwaya inautaka kwa mazoezi, timu ya wasichana inautaka kwa mpira, na akina mama wana mahindi yao ya kuanika. Mama yangu alikuwa miongoni mwa hao wa mahindi, na hakuwa tayari kusogea hata hatua moja. Mjadala ulichukua saa mbili. Giza lilipoingia mwenyekiti aliuahirisha hadi wiki iliyofuata.